Kuketishwa si Kufundishwa

Katika lugha yetu kuna neno moja dogo ambalo kila mzazi na kila mwalimu hulitumia, wala hakuna alipimaye kabla ya kulitoa kinywani. Neno lenyewe ni hili: "Mtoto huyu hasikii." Tusemapo hivyo, mara nyingi twataka kusema kwamba mtoto ni mkaidi, ameamriwa jambo akakataa kulitii. Masikio yake hatuyafikirii. Hata methali yasema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kila mtu ajua kwamba hapo yanenwa habari ya utii, si habari ya masikio. Lakini je, itakuwaje ikiwa mtoto hasikii kweli? Ataadhibiwa kwa kosa la roho, hali kosa halipo, ila masikio yake hayafanyi kazi.

Nataka kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nalilikosea. Tena nataka tuulizane swali moja, nalo ni hili: Mtoto mwenye ulemavu akipewa mahali pa kukaa darasani pamoja na wenzake, je, haki yake imekwisha timizwa?

Miaka mingi iliyopita nalifundisha darasa la tatu katika shule moja ya vijijini, katika nchi ya pamba na ng'ombe kama hii yetu ya Lalago. Alikuwako mvulana mmoja mpole, mrefu kuliko wenzake. Kwa kuwa alikuwa mrefu nalimketisha nyuma kabisa, asiwazibe wadogo. Nilipouliza swali, yeye aliwatazama wenzake kwanza, wakisimama, husimama, wakicheka, hucheka, ila kicheko chake kilikuja kimechelewa. Niliposoma imla, daftari lake lilikuwa na maneno mawili matatu tu yaliyo yake, na mengine aliyanakili kwa jirani, pamoja na makosa ya jirani. Nalimwita mvivu, tena nalimwita mwizi wa kazi za wenzake. Siku nyingine nalimwita kwa jina naye amenipa mgongo, hakugeuka. Nikasema, "Huyu hasikii." Nikamchapa kwa ajili hiyo, wala si mara moja.

Alikuwa na dada yake mdogo, mtoto wa darasa la kwanza. Siku moja wakati wa mapumziko naliketi kivulini, nikamwona msichana yule akija kumwita kaka yake waende kunywa maji. Hakumwita kwa mbali kama wafanyavyo watoto wote. Alikwenda mpaka alipo, akamgusa bega, akazunguka akasimama mbele yake, akamtazama usoni, ndipo akanena. Naye kaka akamwitikia mara moja. Nalishangaa, nikamwita msichana nikamwuliza, "Mbona humwiti kwa sauti?" Akanijibu bila kusitasita, kama mtu aulizwaye jambo ambalo kila mtu alijua: "Mwalimu, asipokutazama hakusikii." Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu masikio yake yalipotoka usaha, kabla yeye hajaanza shule.

Basi, mtoto wa miaka saba alikuwa amekwisha gundua jinsi ya kumfundisha kaka yake, na mimi mwenye cheti cha ualimu nalikuwa sijagundua. Miaka miwili kijana yule aliandikwa katika daftari la mahudhurio kuwa yupo. Naye alikuwapo kweli. Ila alikuwapo kama dawati lilivyokuwapo.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuketishwa si kufundishwa.

Yafaa sasa tukumbuke tulikotoka, tusije tukadharau kazi ya waliotutangulia. Zamani mtoto asiyeona, au asiyesikia, au asiyeweza kutembea, shule haikumjua kabisa. Mwaka wa 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, katika nchi ya Wagogo karibu na Dodoma, nayo ndiyo ya kwanza ya namna hiyo katika Tanganyika. Mwaka wa 1963 Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora, na Walutheri wakafungua shule ya wasioona Irente, katika milima ya Lushoto. Huku kwetu upande wa Ziwa, shule ya Mwisenge mjini Musoma, ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka wa 1934 alipokuwa mtoto, baadaye ilipokea watoto wasioona, wakasoma mahali pamoja na wanaoona.

Shule hizo zilikuwa taa gizani. Walakini taa ya mbali haiangazi nyumba yako. Mama wa Lalago mwenye mtoto asiyeona angeambiwa ampeleke Dodoma au Musoma, akamwache huko miezi mingi. Wako waliothubutu. Wengi hawakuthubutu, wala siwalaumu. Na mtoto akabaki nyumbani akilinda kuku. Tena shule zilikuwa chache, na watoto walikuwa wengi. Katika sensa ya mwaka wa 2022 ilionekana kwamba katika kila watu 100 wa nchi yetu wenye umri wa miaka 7 na zaidi, 11 hivi wana ulemavu wa namna fulani. Watu wa hesabu hiyo hawawezi kuwekwa wote katika shule tano, wala kumi.

Kwa sababu hiyo fikira za watu zilianza kugeuka. Mwaka wa 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana katika mji wa Salamanca, nchi ya Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Mwaka wa 2006 Umoja wa Mataifa ukatoa mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na Tanzania ikauridhia mwaka wa 2009. Mwaka wa 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka huo, isemayo kwamba watu wenye ulemavu wa kila umri wana haki ya elimu sawasawa na raia wengine, tena katika shule za pamoja. Na tangu Januari 2016 ada ya shule za sekondari za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne. Hivyo mlango umefunguliwa. Mzazi akija na mtoto wake asiyeona, hakuna mwalimu mwenye haki ya kumwambia, "Rudi naye nyumbani."

Lakini mlango ukifunguliwa na mgeni akaingia, asipewe kigoda, wala maji, wala neno, je, amekaribishwa? Sisi Waafrika twajua jibu lake. Kumkaribisha mgeni hakuishi mlangoni. Mlangoni ndipo kunapoanza.

Katika habari za kale kuna mfano ulio wazi wa jambo hili. Mwaka wa 1809 alizaliwa katika kijiji cha Coupvray, nchi ya Ufaransa, mtoto jina lake Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu alichezea chombo cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Maradhi yakaenea jicho la pili, akawa hana macho. Wazazi wake hawakumficha. Walimpeleka katika shule ya kijiji, akaketi pamoja na watoto waonao, akawa hodari wa kusikia na kukumbuka. Hapo twaona wema mkubwa wa wanakijiji wale. Lakini wenzake walipofungua vitabu yeye alinyamaza, na walipoandika yeye alingoja, kwa kuwa hapakuwa na maandiko awezayo kuyasoma. Alipopata miaka 10 alipelekwa shule ya vipofu mjini Paris; na alipokuwa na miaka 15 tu, mwaka wa 1824, alikuwa amekwisha buni maandiko ya nukta sita yasomwayo kwa ncha za vidole, ambayo sisi twayaita nukta nundu. Kijiji kilimpa mahali pa kukaa. Nukta nundu ndizo zilizompa kitabu. Alihitaji yote mawili, na kila mtoto wa namna yake ahitaji yote mawili.

Najua kwamba wako wasomaji watakaonipinga, wala maneno yao si ya kupuuzwa. Na tuyatazame moja moja.

Wa kwanza ni mwalimu mwenzangu. Yeye atasema: "Darasa langu lina watoto themanini, pengine mia. Chaki ni chache, na siku ni fupi. Nikimpa mmoja robo saa, nimewaibia themanini robo saa yao. Hiyo ndiyo haki?" Ndugu yangu, swali lako ni la kweli, na mtu asiyepata kusimama mbele ya watoto mia asikujibu kwa wepesi. Lakini fikiri jinsi tunavyopima pamba. Mkulima huleta pamba yake katika gunia, gunia likapandishwa juu ya mizani. Mwenye mizani akiwa mwaminifu huondoa uzito wa gunia, ili ijulikane pamba ni kiasi gani. Hakuna alalamikaye kwamba wenye magunia mazito wamependelewa kwa kuondolewa zaidi. Kwa nini? Kwa sababu tulitaka kupima pamba, hatukutaka kupima gunia.

Hivyo ndivyo Baraza la Mitihani la Tanzania lifanyavyo. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyeona huletewa karatasi ya nukta nundu, na mwenye uoni hafifu huletewa maandiko makubwa. Hapati hata alama moja ya bure. Gunia limeondolewa tu, ili ijulikane ana elimu kiasi gani. Basi, ikiwa siku ya mtihani twaona ni haki kuondoa uzito wa gunia, mbona siku za kufundisha, ambazo ni nyingi kuliko siku ya mtihani, twamwacha mtoto alibebe mwenyewe?

Tena, mwalimu mwenzangu, mengi yamfaayo mmoja hayawaibii wengine kitu. Nilipomhamisha kijana yule nikamweka mbele, nalijizoeza kuugeukia uso wa darasa ninenapo, nisiseme na ubao. Nalijizoeza kuandika kwa herufi kubwa, na kulikariri swali kabla ya kutaka jibu. Baada ya miezi michache naliona kwamba wako watoto wengine watano au sita walioanza kujibu, ambao sikuwadhania kuwa na shida yoyote. Mmoja alikuwa haoni vema ubao. Mwingine alikuwa na aibu ya kusema, "Sikusikia." Nami siku zote nalidhani nawafundisha themanini. Lakini hata kama lisingemfaa mwingine yeyote, lingekuwa wajibu vile vile. Maana haki ya mtoto haingoji mpaka ipate faida kwa jirani.

Wa pili atasema: "Watoto hawa wawe na shule zao wenyewe, wenye walimu waliosomea kazi hiyo. Huko watapata wenzao, wala hawatachekwa." Katika neno hili kuna ukweli ambao yatupasa kuukubali. Kiziwi hasa ana haja ya kukaa na viziwi wenzake na walimu wajuao lugha ya alama, kwa kuwa lugha haifundishwi na mtu asiyeijua, tena haikui mahali ambapo mtu ni peke yake. Mwaka wa 1880 walimu wa viziwi walikutana mjini Milan, Italia, nao karibu wote walikuwa watu wasikiao. Wakaamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema kwa midomo tu, na lugha ya alama iachwe. Walidhani wanatenda wema. Vizazi vya watoto viliumia kwa uamuzi huo, na ndipo mwaka wa 2010 mkutano wa namna ile ile uliofanyika Vancouver, nchi ya Kanada, ukaukataa na kusikitikia madhara yake. Funzo lake ni kwamba anayeamua mtoto akae wapi yampasa kuwauliza wale wanaoishi na hali hiyo, asiwaamulie kwa mbali.

Lakini lazima tupeleleze nia zetu. Kuna kumtenga mtoto kwa sababu huko atajifunza vizuri zaidi, na kuna kumtenga kwa sababu hapa anatusumbua. Kwa nje mambo hayo mawili hufanana sana. Na huku kwetu kuna kutenga kwa tatu, ambako ni aibu yetu sote. Hasa tangu mwaka wa 2007 watu wenye ualbino walianza kuwindwa na kuuawa katika mikoa ya upande wa Ziwa, kwa ajili ya uongo wa waganga na tamaa ya mali. Watoto wengi wenye ualbino wakapelekwa katika shule kama ile ya Buhangija mjini Shinyanga, ambayo tangu zamani ilikuwa ya wasioona, ili walindwe. Wako waliokaa huko miaka mingi mbali na mama zao. Nani alaumu walinzi wao? Lakini na tuseme kweli: watoto wale hawakuondolewa nyumbani kwa sababu ya ngozi yao. Waliondolewa kwa sababu ya uovu wa jirani zao. Penye kijiji chema, mtoto hana haja ya ukuta.

Basi swali lililo jema si hili, "Shule ya pamoja au shule ya peke yake?" Swali lililo jema ni, "Mtoto huyu, mwenye hali hii, atajifunza wapi, tena atakua wapi pasipo kupoteza jamaa zake?" Kwa wengi jibu ni shule ya kijiji, ikiwa imetengenezwa. Kwa wengine ni shule maalumu. Kwa wote jibu si nyumbani kulinda kuku.

Wa tatu atasema kwa sauti ndogo, maana aona haya kidogo: "Lakini mtoto huyu atapata faida gani? Hasa yule ambaye akili zake ni nzito. Mtihani wa darasa la saba hataushinda." Ndugu, hili ndilo jaribu gumu kuliko yote, nami sitaki kulipita kando. Yawezekana kweli hataushinda. Lakini ajifunzapo kuhesabu chenji yake asidhulumiwe dukani, kuandika jina lake, kujifulia nguo, kungoja zamu yake, kusalimu wakubwa na kuitikiwa, je, huo ni wakati uliopotea? Tukisema kwamba shule ni kwa ajili ya mtihani tu, basi hata wale wengi wenye akili nyepesi wasiopata nafasi ya kuendelea tutawahesabu kuwa hasara. Hakuna mzazi akubaliye neno hilo juu ya mwanawe. Basi tusilikubali juu ya mwana wa mwenzetu. Mtoto mwenye akili nzito apimwe kwa alivyokuwa jana, asipimwe kwa jirani yake alivyo leo.

Sasa na tuulize yatupasayo, maana maneno bila kazi ni upepo.

Yako mambo yasiyotaka fedha. Mwanzo wa mwaka, mwalimu asimame nyuma ya mtoto mmoja mmoja, amwite kwa sauti ndogo, aone kama anageuka. Awaulize mmoja mmoja wasome herufi ubaoni toka mahali wanapokaa. Asiyesikia vema aketi mbele, naye mwalimu asizibe kinywa anenapo. Mtoto mwenye ualbino aketi karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua kali, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, na mwanga mwingi humwumiza. Aruhusiwe kuvaa kofia pana na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo, wala asipewe kazi ya bustani saa za adhuhuri, maana jua humletea saratani ya ngozi. Masikio yakitoka usaha, mzazi asingoje yapone yenyewe, ampeleke mtoto zahanati upesi.

Yako mambo yatakayo mikono ya kijiji. Kila mtu wa Lalago ajua jinsi udongo mweusi wa mbuga unavyokuwa wakati wa masika. Hata mwenye miguu miwili mizima huteleza. Mtoto wa magongo au wa kiti cha magurudumu atafikaje? Kazi ya siku mbili ya watu ishirini kumwaga changarawe katika njia yatosha kumfikisha mlangoni. Mlangoni pana ngazi. Fundi ajuaye kuziba ufa ajua pia kujenga mteremko badala ya ngazi. Na choo, ndugu zangu! Wako wasichana wenye ulemavu wa miguu walioacha shule, si kwa sababu ya kitabu, bali kwa sababu ya choo wasichoweza kuingia isipokuwa kwa kutambaa mahali pachafu. Mlango mpana na kishikio cha mti ukutani si mambo ya kuingoja serikali kuu.

Na yako mambo ambayo kijiji hakiwezi, wala isisemwe kwamba upendo watosha. Upendo hauwezi kumfundisha mtu nukta nundu asizozijua. Twahitaji walimu waliosomea, kama wale wanaotoka chuo cha Patandi huko Arusha. Twahitaji mashine za nukta nundu na karatasi zake nene, vifaa vya kusikia, vitabu vya herufi kubwa, na mwalimu wa pili katika darasa lenye watoto mia. Haya tuyadai kwa adabu na bila kuchoka, katika mikutano ya kijiji na ya kata, na kwa diwani wetu, kama tunavyodai barabara na zahanati. Mwalimu akifanya madogo asiambiwe kwamba makubwa hayahitajiwi tena. Na mkubwa akichelewesha makubwa, mwalimu asipate hapo udhuru wa kuacha madogo.

Neno moja kwa wazazi. Wako wanaoficha watoto wao kwa aibu, kwa sababu majirani huuliza nani amekosa hata mtoto akazaliwa hivi. Sisi tusomao Injili twajua kwamba wanafunzi wa Bwana walimwuliza swali lilo hilo habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye akalikataa, akasema si dhambi ya mtu yule wala ya wazazi wake. Basi aliyelikataa Bwana, sisi tusilifufue kisimani. Na wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika: wewe utembeaye leo, gurudumu la lori au homa ya usiku mmoja yaweza kukuweka kitini kesho. Njia utakayomtengenezea mtoto wa jirani, huenda wewe ukaipita.

Na neno moja juu ya majina. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: majina haya yote huanza kama vile kiti na kikapu, yaani kama majina ya vitu. Najua kijana na kiongozi nayo ni vivyo hivyo. Lakini siku hizi watu wenyewe wapenda kuitwa watu wasioona, watu wenye ulemavu, watu wenye ualbino, ili mtu atangulie, na ulemavu ufuate. Hilo ni haki yao, na lugha haipotezi kitu. Walakini angalieni jinsi Kiswahili kilivyokuwa na hekima hata zamani. Hakuna mtu asemaye, "Kipofu kimekuja." Husema, "Kipofu amekuja." Jina laweza kuwa katika ngeli ya vitu, bali kitendo kinamkiri kuwa mtu. Kinywa chetu kimekiri siku zote. Yabaki shule zetu zikiri.

Namalizia kwa kurudi kwa kijana yule. Baada ya dada yake kuniambia, nalimwita ofisini, pamoja na yule msichana. Nalitaka kumwomba radhi kwa viboko vile vyote. Si jambo jepesi kwa mwalimu kumwomba radhi mtoto. Naliona haya, nikainamisha kichwa, nikanena maneno yangu nikitazama meza. Nilipomaliza nalingoja. Kijana hakujibu kitu. Nikadhani amekataa kunisamehe. Ndipo yule dada mdogo akasema kwa upole, "Mwalimu, hakukuona kinywa."

Ikanibidi kuinua uso, nimtazame machoni, niseme tena tangu mwanzo.

Wasomaji wapenzi, kijana yule alijua kusoma akiwa amechelewa miaka miwili, na miaka ile hakuna awezaye kumrudishia. Lakini kila mwaka mpya, kabla sijaita majina, naukumbuka uso wake. Nanyi walimu, wazazi na wazee wa vijiji vyetu, nawasihi mtazame nyuma ya madarasa yenu. Akiwapo mtoto asiyejibu, msiseme upesi kwamba hasikii. Inueni nyuso zenu kwanza, kisha mwite tena.